Mgonjwa wa saratani ya matiti msimkalishe kitako

(Waliokosa kikao chetu cha Jumamosi hapa Tanga, cha wagonjwa wa saratani ya matiti na ndugu zao, wameniomba niweke hapa nilichoongea. Nimeandika kutoka kwenye rekodi ya simu, nimeruka tu pale spika iliposumbua na pale watoto walipoingia kuomba hela ya ubuyu.)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na wale ambao bado hamjaitikia, habari za asubuhi jamani.

Mimi wengi mnanijua, ni nesi, nimefanya kazi na wagonjwa wa kansa muda mrefu mpaka wengine mnaniita sista hata sokoni. Leo nimeambiwa niongelee chakula na mazoezi kwa mtu anayeishi na saratani ya matiti. Nimewaona kina mama mliofanyiwa upasuaji, nimewaona mlio kwenye kemo, zile dawa za kansa za dripu, na vilemba vyenu vizuri, na nimefurahi sana kuwaona kina baba na watoto wakubwa, kwa sababu nusu ya maneno yangu leo ni yenu nyie mnaokaa na mgonjwa nyumbani. Nyie ndio mnaopika, na nyie ndio mnaosema "mama kaa, usinyanyue hicho".

Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligundulika na ugonjwa huu duniani, na laki sita na elfu sabini walifariki. Piga hesabu mwenyewe hapo. Wengi wa wanaogundulika wanaendelea kuishi! Wanaishi miaka, wanarudi shamba, wanarudi dukani, wanazeeka. Sasa swali langu kwenu ni hili, huyu mtu anayeendelea kuishi, tunamsaidia aishi vipi? Au tunamweka kwenye kiti tu tunamwangalia?

Nianze na kiti hicho hicho.

Kuna mama mmoja wa upande wa Muheza, jina silitaji, aliondolewa titi na tezi za kwapani. Ana watoto wazuri mno, wanampenda mama yao, wakamtafutia binti wa kazi, wakampangia kitanda karibu na dirisha, hata kikombe cha chai alikuwa anashikiwa. Mkono wa upande ule wakauweka juu ya mto na ukakaa juu ya mto wiki baada ya wiki. Siku ya kwenda kuanza mionzi ikafika, akalazwa kwenye mashine, akaambiwa mama nyanyua mkono uweke juu ya kichwa. Mkono hauendi. Bega limeganda. Na mionzi ya titi mara nyingi lazima mkono uwe juu, ule mwali unatakiwa upige pale pale palipopimwa bila mkono kuingilia. Akarudishwa akafanye mazoezi kwanza, matibabu yakasogezwa mbele. Mnaona? Watoto hawakumnyima kitu, walimpa kila kitu, na mapenzi yenyewe ndiyo yaliyochelewesha tiba yake.

Kwahiyo mkono unachezeshwa lini? Mapema. Siku ya pili tu baada ya upasuaji, kama daktari wako hajasema vingine, unaanza kufumba na kufumbua ngumi, unakunja na kukunjua kiwiko, unajaribu kuchana nywele, kupiga mswaki kwa mkono ule ule. Taratibu. Mpira wa kutoa maji kwenye kidonda ukishatolewa na kidonda kikitulia, unasimama mbele ya ukuta unatambaza vidole kama unapanda, leo unafika hapa, wiki ijayo unafika pale, unaweza kuweka alama ya chaki uone mwenyewe. Unavuta kidogo hadi uhisi kukaza, ukifika kwenye maumivu makali unaacha. Hakuna mashine hapo, hakuna gym, ni ukuta wako wa sebuleni.

Najua mnachoniuliza moyoni. "Sista, si tuliambiwa mkono ule usifanye kazi, utavimba?" Ndio, mliambiwa, na hata sisi manesi tulifundishwa hivyo, dunia nzima ilifundishwa hivyo. Tezi za kwapani zikitolewa, ile njia ya kupitisha maji ya limfu inapungua, na kweli mkono unaweza kuvimba na ukivimba ni shida. Hofu haikuwa ya kijinga. Ila ilikuwa haijapimwa vizuri.

Mwaka 1996 kule Vancouver, Kanada, daktari mmoja wa michezo anaitwa Don McKenzie akasema hebu tuone. Akachukua wanawake 24 waliopata saratani ya matiti, akawafanyisha mazoezi, alafu akawaweka kwenye mtumbwi mrefu wa Kichina, wa kupiga makasia. Makasia jamani! Nyie watu wa pwani mnajua kupiga kasia ni kazi ya bega na mgongo. Watu walitegemea mikono itavimba. Haikuvimba. Kina mama wale wakakataa kuacha, leo timu za namna hiyo ziko nchi nyingi tu. Sasa mtu anaweza kusema 24 ni wachache, na ni kweli. Mwaka 2009 ukatoka utafiti mwingine Marekani, wanawake 141 ambao mikono yao ilikuwa TAYARI imevimba, nusu wakapewa kunyanyua vyuma mara mbili kwa wiki, kidogo kidogo na kwa kusimamiwa. Uvimbe haukuongezeka kuliko wenzao waliokaa, na ile hali ya mkono kuchachamaa ghafla ilipungua karibu nusu.

Kwahiyo kukuna nazi? Utarudi kwenye mbuzi yako. Kusonga ugali? Utasonga. Ndoo? Usianze na ya lita ishirini ukasema sista kaniruhusu, anza na lita mbili, wiki zikienda ongeza, na mkono ukianza kuwa mzito au pete ikibana, punguza alafu njoo tukuangalie. Ambacho mkono ule haukipendi ni kidonda. Moto wa jiko, kisu, mwiba wa shambani, wembe wa kunyolea kwapa. Vaa glovu ukilima, tumia kitambaa ukiepua sufuria. Ukiona wekundu na joto na homa, hiyo siyo ya kukanda na chumvi, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Haya, tuje kwenye uchovu, maana hapa ndipo kila mtu anaponikamata koridoni.

Uchovu wa saratani siyo ule wa kulima. Wa kulima ukilala unaamka mzima. Huu unalala masaa kumi unaamka umechoka, unakaa kitandani siku nzima jioni umechoka zaidi. Na ndugu wanasema nini? Pumzika. Mgonjwa anapumzika, misuli inapungua, akisimama miguu inatetemeka, wanasema umeona, bado hana nguvu, pumzika tena. Mnaliona hilo duara? Pumzika, dhoofika, pumzika, dhoofika.

Kitu ambacho kimepimwa na kurudiwa kupimwa kwamba kinapunguza uchovu huu ni kutembea. Nasema kutembea. Wataalamu wa mazoezi na kansa walikaa pamoja wakatoa mwongozo mwaka 2019, wakasema dakika thelathini za mwendo wa kukufanya uhisi pumzi, mara tatu kwa wiki, na mara mbili kwa wiki kitu cha kutia misuli nguvu. Hapo hata kusimama na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kushika ni mazoezi ya misuli. Thelathini ni nyingi? Anza na tano. Toka mlangoni mpaka kwa jirani na kurudi. Siku ya tatu nne baada ya dripu mwili uko chini kabisa, tembea ndani, usijilaumu, wiki ya tatu unapopata nafuu ndio unaongeza.

Tanga hapa tuna bahati, mji tambarare, mji wa baiskeli, jioni kuna upepo wa bahari wa Raskazone, watu wengine wanalipia vitu hivi. Najua tatizo lenu siyo barabara. Tatizo ni "shoga, unaenda wapi?" Ukitembea bila kwenda popote mtaa mzima unataka kujua. Mama mmoja wa hapa hapa, na yupo humu ananicheka, yeye alikuwa anabeba kikapu kitupu. Anatoka na kikapu, anazunguka, anarudi na kikapu, watu wanajua katoka sokoni. (Kicheko.) Nani atakuuliza? Wengine mtembee wawili wawili, dera na raba basi, hijabu haimzuii mtu kutembea.

Je, kutembea kunarefusha maisha? Hapa niwe mkweli. Mwaka 2005 ulitoka utafiti wa manesi wa Marekani, wenzangu hao, karibu elfu tatu waliokuwa na saratani ya matiti, wakafuatiliwa miaka. Waliokuwa wanatembea kama saa tatu hadi tano kwa wiki walikufa wachache zaidi kuliko waliokaa. Lakini mtu anaweza kusema labda waliotembea ndio walikuwa na nafuu tangu mwanzo, na ana haki ya kusema hivyo. Mwaka 2025 ukatoka ule wa kupanga watu kwa bahati nasibu, wagonjwa 889, waliopewa programu ya mazoezi baada ya kemo waliishi zaidi. Ila ile ni saratani ya utumbo mpana, siyo ya titi, tusichanganye. Mimi nikimwambia mama atembee simuahidi miaka. Namuahidi kwamba ataweza kupanda ngazi ya kliniki mwenyewe.

Na kuna siku za kutotembea pia. Una homa, kifua kinabana, kizunguzungu, damu iko chini sana, au daktari amekwambia ugonjwa umegusa mifupa, hapo uliza kwanza ni zoezi gani linakufaa. Waliopata ile dripu nyekundu ya kemo, doksorubisini, au dawa ya saratani ya matiti inayoitwa trastuzumabu, dawa hizo zinaweza kugusa moyo, ukiona miguu inajaa maji au unakosa pumzi ukilala chali, sema, usisubiri kuulizwa.

Sasa sufuria.

Kwetu mtu akinenepa tunamwambiaje? "Umenawiri." Akipungua tunasema kwisha habari yake. Kwahiyo mgonjwa akitoka hospitali familia inaingia kazini, chapati, maandazi, wali wa nazi mara mbili kwa siku, soda ya kuongeza damu, chipsi mayai maana ndio anachokipenda. Na watu wanashangaa nikiwaambia kwamba kwenye saratani ya matiti wagonjwa wengi hawakondi, wanaongezeka! Zile dawa za kuzuia kutapika zina steroidi zinafungua hamu ya kula, hedhi inakatika ghafla, mwendo umepungua, kilo zinapanda. Na kwa mwanamke ambaye hedhi imekoma, mafuta ya mwilini yenyewe yanatengeneza homoni ya estrojeni, homoni ambayo uvimbe mwingi wa titi unaitegemea. Ndio maana tunawapa kidonge cha tamoksifeni, kile cha miaka mitano au kumi, kuizuia homoni hiyo isifanye kazi yake. Sasa mkono mmoja unameza kidonge, mkono wa pili unashika chapati ya tatu?

Simaanishi mgonjwa afunge. Simaanishi kabisa. Namaanisha apewe sahani yenye akili. Nusu ya sahani iwe mboga, mchicha, matembele, kisamvu, kabichi ya Lushoto, chochote kilichopo sokoni. Robo iwe ugali au wali au muhogo, dona kama tumbo linaikubali. Robo iwe ya kujenga mwili, samaki, dagaa, mayai, maharage, kunde, choroko, kuku. Hiyo robo ya mwisho ndiyo inayoibiwa. Naingia nyumba za watu naona mgonjwa kapewa supu ya mifupa, bakuli kubwa, na nyama yenyewe wanakula watoto. Maji yale hayajengi misuli jamani! Mpeni nyama. Kama hela ya nyama hakuna, dagaa wanaotafunwa pamoja na mifupa yao wanampa protini na kalsiamu pamoja, na mnaotumia letrozoli au anastrozoli, vidonge vya kupunguza estrojeni, mifupa yenu inapungua uimara, dagaa hao ni wenu, na kutembea pia kunaitunza mifupa.

Pombe, bia, mvinyo, na mnazi ukiwemo, inaongeza hatari ya saratani ya matiti, hilo halina ubishi. Waliozoea nafahamu ni ngumu, ila nimelisema.

Wiki za dripu ni sheria nyingine. Wiki hizo usihesabu nusu wala robo, lengo ni kiingie na kibaki. Harufu ya vitunguu vikikaangwa inamtapisha? Pikia nje, mpe chakula kikiwa kimepoa, cha baridi hakinuki sana. Kidogo kidogo kila baada ya saa mbili. Mdomo una vidonda? Mtori, uji wa ulezi wenye maziwa, mtindi, ndizi mbivu, papai, parachichi, yai lililoiva kabisa, na achana na pilipili, limao na embe mbichi kwa muda. Asukutue kwa maji ya chumvi kidogo. Tumbo limefunga, maji mengi na papai na kutembea. Chakula kinaonja kama chuma? Jaribu kijiko cha plastiki, msicheke, inasaidia wengine.

Na usafi. Wiki ya kwanza hadi ya pili baada ya dripu, askari wa damu, zile chembe nyeupe zinazopigana na vijidudu, wanakuwa wachache. Kachumbari ya barabarani, maziwa yasiyochemshwa, yai la kuchovya, mishikaki iliyoiva nje ndani nyekundu, juisi iliyotiwa barafu hujui maji yake, hivyo viacheni kwanza. Machungwa ya Muheza osha alafu menya mwenyewe. Homa ikifika nyuzi 38, mchana au usiku, hakuna panadol na kusubiri kukuche, ni hospitali.

Nimeacha la mwisho linaloniudhi zaidi, mtanisamehe sauti ikipanda.

Mgonjwa wa kansa ana wauzaji wanaomfuata. Yaani yeye ndiye anayewindwa. Akitoka kliniki tu simu imejaa, stafeli inaua kansa mara elfu kumi kuliko kemo, magadi na limao yanageuza damu isiwe na asidi, usile sukari kabisa maana sukari ndiyo chakula cha kansa, kuna unga wa kopo unatoka nje ya nchi. Mama mmoja aliiamini ile ya sukari. Akaacha sukari, sawa, hiyo siyo mbaya. Akaacha ugali. Akaacha wali. Akaacha matunda. Akabaki na mboga za majani na maji ya moto, anajivunia kabisa kwamba anaishindisha kansa na njaa. Alipokuja kwenye dripu yake uzito umeshuka, damu imeshuka, daktari akaahirisha. Uvimbe haukufa njaa, aliyekuwa anakufa njaa ni yeye. Kila seli ya mwili inatumia sukari, ubongo, moyo, ukiacha kula mwili utabomoa misuli yako kuitengeneza. Soda tatu kwa siku acha, ndio. Kiazi chako kula.

Stafeli kama tunda, kula, tamu. Majani na mbegu zilizochemshwa kila siku, hapana. Ile ya mara elfu kumi ilitoka kwenye seli za maabara, siyo kwa binadamu, na kule visiwa vya Guadeloupe, Karibi, watu waliotumia sana stafeli na chai ya majani yake walionekana kupata ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na wa Parkinson. Magadi nayo, damu yako haigeuzwi na glasi ya maji, mapafu na figo ndizo zinazoilinda, unaichosha figo tu. Balungi ni tunda zuri lakini linagongana na dawa kadhaa, uliza. Mlonge, mwarobaini, uwatu, chochote unachokunywa tuambie. Hatutakufokea. Na nesi akikufokea mwambie mwenzake.

Hata mboga zenyewe msiziuzie watu kama dawa. Marekani walichukua wanawake zaidi ya elfu tatu waliomaliza matibabu, nusu wakala mboga na matunda kwa wingi mno na mafuta kidogo sana, miaka saba. Ugonjwa ulirudi sawa sawa na kwa wale waliokula mlo wa kawaida wenye afya. Utafiti huo, wa 2007, mimi naupenda, kwa sababu unamvua mama lawama. Ugonjwa ukirudi, haukurudi kwa sababu ulikula chapati kwenye harusi ya mwanao.

Maswali. Nilijibu mengi, naweka moja tu hapa maana wengi mmeniandikia mnaulizia hilo hilo. Baba mmoja alisimama akasema, sista, mke wangu nikimwambia tutembee anasema hataki, chakula nikimwekea anasukuma, nimlazimishe?

Baba yangu, usimlazimishe. Kwanza uliza kwa nini. Inawezekana ana vidonda mdomoni hajakwambia, inawezekana anaona aibu kutoka bila nywele, inawezekana ana huzuni nzito, na huzuni nayo inatibiwa, tuletee. Usimwambie "nenda ukatembee". Vaa viatu vyako, mwambie twende, jioni wakati jua limepoa, mpaka kwenye mwembe na kurudi. Chakula usimwekee sahani ya mlima, anaiona anashiba kwa macho. Weka vijiko vitatu, na kaa ule naye. Na kama siku nzima imepita hata maji hayakai tumboni, usingoje tarehe ya kliniki, mlete.